Kujitengenezea Vifaa Nyumbani, Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu wa kwetu huuliza wakija karakanani au tukikutana sokoni: wazazi wanaotaka kupunguza kazi za jikoni, vijana ambao mikono yao haitulii, wastaafu waliopata nafasi ya kufanya walichokitamani miaka yote. Nimejibu kwa kutazama hali ya huku kusini, yaani hewa ya chumvi, msimu mmoja wa mvua na korosho kila upande. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya nchi ya baridi kinaweza kutufia mikononi hapa.

Natamani kubuni kitu, ila sijui nianze na nini.

Anza na kero ya nyumbani kwako, tena iliyo ndogo. Shinda nyumbani siku moja ukiangalia kazi zinavyofanyika: nani anainama muda mrefu, maji yanamwagikia wapi, chakula gani kinaharibika kabla hakijaliwa, mtoto anatumwa mara ngapi kufuata kitu kilekile. Usimuulize bibi anataka mashine gani. Muulize ni kazi gani akiimaliza mgongo unamuuma, na hapo utapata mchoro wako.

Chukua mbuzi ya nazi. Anayekuna anakaa chini amekunja magoti, na nguvu yote inatoka begani. Sasa tengeneza kichwa cha mviringo chenye mapezi manne au matano ya meno, kifunge kwenye mwisho wa nondo inayozunguka ndani ya beringi mbili, weka mkono wa kuzungushia upande wa pili, na chini yake bano la kushikia kwenye meza. Mama anakuna akiwa amekaa kwenye kiti cha kawaida. Meno yawe ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa yanagusa chakula, na kichwa kiweze kufunguliwa ili kioshwe.

Ukimaliza, mpe mtumiaji kisha uondoke. Ukirudi baada ya wiki ukakuta mashine yako iko juu ya kabati na mbuzi ya zamani ndiyo inayofanya kazi, kifaa chako hakijaisha, hata kama kinapendeza namna gani. Muulize nini kinamkera, urudi nacho mezani. Kipimo hicho ndicho ninachokiamini kwa kila kitu kilichotajwa hapa: anayeamua kama kifaa ni kizuri ni yule anayekitumia, siyo aliyekitengeneza.

Nahitaji zana gani za kuanzia?

Chache kuliko unavyodhani. Ya kwanza ni jiliwa, yaani kibano cha kushikia kitu unachokikata, iliyofungwa kwenye meza nzito. Kitu kisichoshikwa vizuri hakikatiki sawa, na vidole vingi huumia kwa sababu kitu kimeponyoka. Kisha msumeno wa mbao na wa chuma, nyundo, patasi mbili, randa, tupa, bisibisi, plaizi, futi ya chuma na skwea. Drili ifuate pesa ikipatikana.

Grenda iache mwisho. Inafanya kazi haraka na inajeruhi haraka. Usiondoe kile kifuniko kinachokinga diski, usitumie diski iliyoanguka au yenye ufa, na usiguse swichi kabla hujavaa miwani ya kazi. Hiyo miwani inunuliwe siku moja na jiliwa.

Vitu vya kutengenezea nitavipata wapi bila kutumia pesa nyingi?

Kwa mafundi baiskeli na bodaboda kuna beringi, minyororo, spoku na ringi ambazo kwao zimeisha lakini kwa kifaa cha mkono bado zina maisha marefu. Kwenye vyuma chakavu utapata nondo, bomba na vipande vya bati. Na usisahau mali yetu wenyewe: makumbi ya nazi, sufi, ukindu, mianzi, udongo wa kichuguu. Makumbi na sufi ni vizuizi vya joto vizuri sana, na huku tunavichoma au kuviacha vikipeperuka.

Mambo matatu ya kuangalia. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya mikorosho, hata kikioshwa kwa sabuni mara ngapi, kisitumike kwa maji wala chakula. Pipa tupu la petroli au dizeli usilikate kwa grenda wala kulichomelea. Mvuke uliobaki ndani ukikutana na cheche hulipuka, ndiyo maana pipa linaloonekana tupu laweza kuwa hatari kuliko lililojaa. Na ukiletewa chuma cha alama ya barabarani, bomba la mradi wa maji au kipande cha nguzo ya umeme, usinunue. Hicho ni cha wizi, na kijiji kizima kinaweza kukosa maji kwa ajili ya toroli yako.

Kila nikitengenezacho kinaliwa na kutu. Nifanyeje?

Ukiishi Shangani, Mikindani, Msimbati au Kilwa Masoko, chumvi iko hewani usiku na mchana. Chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Kazi kubwa iko kabla ya rangi: sugua chuma kwa msasa au brashi ya waya mpaka king'ae, kifute vumbi na mafuta, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kisha rangi ya juu mara mbili. Chuma kilichosuguliwa leo na kuachwa mpaka kesho huwa kimeshaanza tena.

Maungio ndiyo yanayooza kwanza, hasa pale maji yanapotuama. Toboa tundu dogo la kutolea maji chini ya kila bomba lililo wazi, au lizibe kabisa. Tumia bolti na nati zilizopakwa zinki. Usikutanishe alumini na chuma cha kawaida moja kwa moja mahali penye unyevu wa bahari, kwa kuwa alumini italika; weka kipande cha mpira katikati. Na mahali ambapo mbao ingetosha, tumia mbao.

Mbao gani inafaa?

Mninga ni rafiki wa anayejifunza: unakubali randa, haujipindi sana, na mchwa hawaupendi. Mkongo ni mgumu na unafaa kwa kitu kitakachokaa nje. Msaji ni mzuri pia na una mafuta yake ya asili. Mwembe ni rahisi kupatikana, lakini uutumie ndani ya nyumba, maana wadudu huushambulia upesi.

Mpingo waachie wachongaji, isipokuwa kwa vipande vidogo kama mpini au kigingi. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, hufanya patasi ibutuke mapema, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo funika pua. Wachongaji wa Kimakonde wameufanya ujulikane duniani kote, na unakua polepole mno. Kuukata ili utengeneze stuli ni kuupoteza bure. Mbao yoyote ya msitu inunuliwe kwa mwenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na risiti uitunze, maana utaulizwa njiani.

Kikaushio cha jua kinatengenezwaje? Embe zetu zinaoza kila mwaka.

Hiki ni kifaa ambacho kila nyumba yenye mwembe ingestahili kuwa nacho. Muundo wake ni sanduku la mbao lenye urefu wa mita moja hivi na upana wa sentimita 60. Chini weka bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Juu yake, kwa nafasi ya kiganja, weka trei ya wavu safi, na juu kabisa nailoni angavu au kioo. Toboa matundu ya hewa upande wa chini na mengine upande wa juu, yote yafunikwe kwa chandarua ili nzi wasiingie. Hewa inaingia chini, inapashwa joto, inapanda ikiwa imebeba unyevu na kutokea juu. Bila matundu ya juu umetengeneza chombo cha kupikia kwa mvuke.

Lenga joto la nyuzi 45 mpaka 60. Likizidi hapo, embe hukauka nje na kubaki na maji ndani, kisha huota ukungu ndani ya mfuko. Kata vipande vya nusu sentimita, vyote sawa. Kipande kilicho tayari hukunjika kama ngozi laini na hakitoi maji ukikibana.

Kuna jambo la jua ambalo michoro ya kutoka nje haitakwambia. Mtwara na Lindi ziko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwishoni mwa Februari, jua la adhuhuri linakuwa upande wetu wa kusini, na miezi iliyobaki linakuwa kaskazini. Embe zinaiva katikati ya kipindi hicho cha kwanza. Kikaushio kilichojengewa kuangalia kaskazini daima kitakupa joto pungufu wakati wenyewe unapolihitaji. Kiwekee miguu inayohamishika, ukigeuze kusini msimu wa embe na kaskazini unapokausha dagaa au mboga kuanzia Juni. Na kwa kuwa msimu wa embe unaingiliana na mvua, kiwe chepesi cha kubebwa na watu wawili.

Naweza kukaushia muhogo humohumo?

Muhogo mtamu, ndiyo. Muhogo mchungu, subiri kwanza.

Muhogo mchungu una kemikali inayozaa sumu ya sianidi. Sumu hiyo huondoka vizuri muhogo ukikwaruzwa, ukilowekwa au ukivundikwa, kwa kuwa chembe zake zinapasuka na sumu kutoka. Ukikata vipande vikubwa na kuvikausha haraka, vinakauka kabla sumu haijatoka. Kikaushio kizuri kinaweza kuwa kibaya hapa, kwa sababu ya ule wepesi wake. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiotibika, umewahi kuwapata watu mkoani Mtwara, na unawapata zaidi watoto na akina mama wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa mwaka wa njaa.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kubuni ni kikwaruzo: gurudumu la mbao lililozungushiwa bati lililotobolewa kwa msumari, likizungushwa kwa mnyororo na pedali za baiskeli. Bati hilo libadilishwe likianza kutu. Ukwaruze, ukamue, ndipo ukaushe. Na kwa unga ambao tayari unao na huuamini, ipo njia iliyofanyiwa majaribio na ambayo haihitaji kifaa chochote: changanya unga na maji mpaka ulowe, utandaze mwembamba usiozidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo upike ugali siku hiyohiyo. Nawasihi msiipuuze.

Kapu la joto ni nini, na kweli linapika?

Kweli linapika, au tuseme linamalizia kupika. Chukua kapu kubwa la ukindu, jaza pembeni na chini sufi au makumbi yaliyochambuliwa, unene wa sentimita nane mpaka kumi, vilivyoshonewa ndani ya kitambaa. Tengeneza na mto wa juu unaoziba sawasawa. Sufuria inachemka jikoni, inafunikwa, inaingizwa ndani ya kapu, na joto lililomo linaendelea na kazi bila mkaa.

Wali uchemke dakika tano, kisha saa moja ndani ya kapu. Mbaazi zilizolowekwa usiku zichemke dakika 20, kisha saa tatu au nne. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Ikiwa na chakula kidogo inapoa upesi. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika kumi nzima kabla ya kuingia kapuni, maana yana sumu inayoharibiwa na mchemko mkali peke yake, na joto la kapu halitoshi. Mafiga na sufi visikaribiane, sufi inashika moto mara moja.

Katika vyote nilivyoviona vikitengenezwa, kapu hili ndilo linalobaki likitumika muda mrefu.

Nataka kubangua korosho nyumbani. Nitengeneze mashine ya namna gani?

Kabla ya mashine, lielewe ganda. Kati ya tabaka zake mbili kuna mafuta meusi yanayounguza ngozi na kuacha malengelenge, na moshi wake ukichomwa unaumiza macho na mapafu. Mashine yoyote ya korosho kazi yake ya kwanza ni kuyaweka mafuta hayo mbali na mikono yako na mbali na kokwa.

Njia ya kikaangio kilichotobolewa, motoni, inajulikana na kila bibi wa Newala na Tandahimba. Ifanyie nje, upande upepo unakotoka, watoto wakiwa mbali, kwa sababu mafuta yanawaka ghafla na kurukaruka. Mwaga korosho kwenye majivu au mchanga ili vinyonye mafuta, ndipo upasue.

Njia safi zaidi ni kuzipika kwa mvuke, kuziacha zipoe na kukauka usiku mmoja, kisha kukata. Kikatio kina visu viwili vilivyopindwa kufuata umbo la korosho, kimoja kimetulia na kingine kinashushwa kwa pedali ya mguu. Mkono wa kushoto unaweka korosho, wa kulia unageuza wenzo kuachanisha ganda. Ugumu wote uko kwenye kina cha kisu: kiingie ganda na kisiguse kokwa. Kwa kuwa korosho hazilingani ukubwa, zichambue makundi matatu kwa chekeche zenye matundu tofauti, kisha weka skrubu ya kurekebisha kisu kwa kila kundi. Nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, ukaone mashine halisi kabla hujakata chuma. Vaa glovu za mpira. Asiye nazo apake mikono majivu au mafuta ya kula, na aongeze kila inapokauka.

Kokwa zilizotoka zikaushwe kwenye joto la nyuzi 70 hivi ili ngozi yake nyembamba ibanduke. Maganda yasiwe kuni za jikoni. Sitabadilisha neno hilo hata kwa jiko lenye bomba la moshi.

Na mabibo, yale matunda ya mkorosho?

Tengeneza kikamulio cha jeki ya gari. Fremu imara ya mbao ngumu, ndoo ya plastiki ya chakula iliyotobolewa, mfuko wa kitambaa, na jeki inayosukuma kibao kutoka juu. Chuma cha kawaida kisiguse juisi hata kidogo, kwa sababu ule ukakasi wa bibo ukikutana na chuma hufanya juisi iwe nyeusi. Ukakasi wenyewe unapungua ukichanganya maji mazito ya wali, ukaacha vitulie, kisha ukachuja. Unywe siku hiyohiyo, au uichemshe. Kwa joto letu inaanza kuchacha ndani ya saa chache. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na kila msimu tunayaacha chini ya miti.

Mfumo mdogo wa sola kwa nyumba, naufanyia hesabu vipi?

Anza na matumizi, siyo paneli. Taa tatu za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 75. Simu mbili, karibu 20. Redio ya wati 10 kwa saa 4 ni 40. Jumla wati-saa 135 kwa siku. Paneli ya wati 50 ikipata jua zuri la saa nne na nusu, ukatoa upotevu wa karibu theluthi moja, inakupa 150 na zaidi kidogo. Inatosha.

Betri ya volti 12 ya asidi usiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. 135 mara mbili, gawanya kwa 12, unapata takriban ampea-saa 23. Nunua ya 40 ili siku ya mawingu isikukute gizani. Elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 mpaka 15. Kwa kuwa hiyo imefungwa, tunachagua upande unaofaa sehemu kubwa ya mwaka, na mwinamo husaidia mvua kuosha vumbi.

Weka kidhibiti chaji, na fyuzi karibu kabisa na betri. Watu huiruka fyuzi kwa sababu taa zinawaka bila yake. Waya ukigusana, betri hiyohiyo inayowasha taa ndogo ina nguvu ya kuufanya waya uwe mwekundu kwenye paa la makuti. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo isikae chumba cha kulala wala karibu na jiko.

Umeme wa TANESCO, volti 230, ni wa fundi mwenye leseni. Hapo sina mjadala.

Tuko Newala, maji ni shida. Tutengeneze nini?

Uwanda wa Makonde, ambako Newala ipo, hauna mito juu yake; mchanga unanywa mvua, na maji yanatokea chini kwenye mabonde. Ndiyo maana paa ni chanzo chenu cha karibu zaidi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 8 likipata mvua ya milimita 20, hiyo ni lita 960, na baada ya upotevu unabaki na kama lita 770. Nyumba inayotumia lita 40 kwa siku za kunywa na kupikia inahitaji lita 6,000 kuvuka miezi mitano ya kiangazi.

Sehemu ya kubuni ni kichepushi cha maji ya kwanza, maana maji hayo hubeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Kwa paa hilo, acha lita 25 mpaka 50 zipotee. Weka ndoo kubwa au pipa kabla ya tangi, lenye mpira unaoelea: likijaa, mpira unaziba mdomo na maji yanaendelea kwenye tangi. Chini toboa tundu dogo la kujimwaga polepole ili lijiandae kwa mvua nyingine. Tangi lifunikwe na chandarua, mbu wasizae. Maji ya kunywa yachemshwe hata hivyo.

Lita 5,000 ni tani tano. Usiyaweke juu ya mnara uliounga mwenyewe kwa mbao.

Kitotoleshi cha mayai cha sanduku kinafanya kazi?

Kinafanya, ukiwa na subira ya siku 21. Sanduku la plaiwudi lililowekwa kizuia joto, themostati, feni ndogo, balbu ya joto, bakuli la maji. Joto liwe nyuzi 37.5 palipo na feni. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Tafuta za zamani zenye uzi au kipashio maalumu. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70. Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, acha kugeuza siku ya 18. Pwani yetu ina unyevu mwingi tayari, kwa hiyo usijaze maji kwa mazoea, pima. Umeme ukikatika, funika sanduku kwa blanketi na weka ndani chupa za maji ya moto.

Kiwashe siku mbili bila yai hata moja, uangalie kama joto limetulia. Kununua mayai kwanza na kurekebisha baadaye ni kuua vifaranga.

Watoto waingie karakanani?

Waingie. Waanze na magari ya waya yenye magurudumu ya ndala, vishada vya mianzi, ngalawa za magome. Mtoto wa miaka saba anaweza kupima, kupiga msasa na kushika tochi. Msumeno mdogo wa mkono, wewe ukiwa pembeni. Mashine za umeme bado. Mabinti waitwe kama kaka zao, na wapewe zana, siyo ufagio.

Na mtoto akisema jambo lisilofanana na unavyojua, mjaribu pamoja. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Kitanzania, Erasto Mpemba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa alipokuwa akitengeneza aiskrimu. Alichekwa darasani. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakachapisha majaribio yao, na mpaka leo wanasayansi duniani wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Kazi nzuri ya familia nzima ni bao: ubao wa safu nne za mashimo manane, na kete 64 za komwe. Shimo la nyumba lifanye la mraba.

Naweza kurekebisha jiko la gesi litumie gesi asilia?

Hapana. Tundu la kutolea gesi la jiko la mtungi ni tofauti na la gesi asilia, na shinikizo lake ni tofauti. Aliyeunganishwa gesi asilia amwite fundi wa mradi. Jua pia kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni, ilhali gesi asilia hupanda juu. Dirisha la juu peke yake halimsaidii mwenye mtungi. Vilevile usitengeneze chombo chochote cha kubana mvuke.

Wazo langu litaibiwa. Nilinde vipi?

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya kifaa chake, huombwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na sharti moja ni kwamba kitu kiwe kipya. Ukishakionyesha hadharani, hata kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, unaweza kuwa umejiharibia mwenyewe. Uliza kwanza, onyesha baadaye. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, nao husaidia wabunifu, na mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yamekuwepo tangu 2019. Lakini vifaa vingi vilivyotajwa hapa ni ujuzi wa wote, na ningefurahi ukimfundisha jirani. Ukitaka kuuza kinachogusa chakula, wasiliana na TBS, shirika la viwango, kabla ya kutangaza.

Nimemaliza kutengeneza, hakifanyi kazi. Sasa?

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uandike kwenye daftari: tarehe, ulichobadilisha, kilichotokea. Ukibadilisha matundu ya hewa, rangi na mwinamo kwa siku moja, kikaushio kikipata joto hutajua ni kipi kilichosaidia. Pima kwa kipimajoto, mizani na saa, siyo kwa mkono. Kama kinafanya kazi mchana na kukataa usiku, au kiangazi na kukataa masika, tatizo mara nyingi ni unyevu; anza kuangalia kwenye maungio ya mbao na viunganishi vya waya.